Kutia mpini mpya katika jembe la zamani: mti upi ufaao, na kwa nini mipini yetu hulegea upesi

MkulimaHindi (mwenye uzi)

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa bara na wa visiwani.

Masika yanakaribia na majembe yataanza kutolewa ghalani. Kila mwaka huku kijijini Hindi, Lamu bara, na nadhani hata Mpeketoni na Witu, naona jambo lile lile: jembe zuri la zamani, lenye chuma kinene na makali yanayokaa, linatupwa nyuma ya nyumba kwa sababu mpini umevunjika, kisha mwenyewe anakwenda dukani kununua jembe jipya la bati jembamba linalopinda likigusa jiwe. Jembe ninalolitumia mimi ni la kiwanda cha Chillington cha Wolverhampton, Uingereza, kilichouza majembe yake barani Afrika kwa chapa ya Crocodile. Bapa lake limelika kwa miaka ya kunolewa, lakini pete, yaani ule mduara wa chuma mpini unamopita, ni nzima, na jembe lenye pete nzima ni jembe zima.

Nataka tuzungumzie mpini peke yake, kwa sababu naamini wengi wetu tunalaumu mti bure. Mipini mingi haivunjiki wala hailegei kwa udhaifu wa mti. Hulegea kwa sababu ilitiwa ikiwa mibichi, au kwa sababu tunaloweka jembe kwenye maji kila asubuhi; na huvunjika kwa sababu mdomo wa tundu la pete una ncha kali inayokata nyuzi za mti pale pale mpini unapoingia.

Nianze na maji, kwani hili najua litaleta ubishi. Mti hausinyai kwa urefu wake kwa kiasi cha kuonekana, bali husinyaa na kuvimba kwa unene. Mti mbichi huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, na huendelea kusinyaa mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Kwa hiyo mpini uliotiwa mbichi na ukabana barabara mwezi wa Novemba, wakati wa vuli, utakuwa unacheza ndani ya pete kufikia Februari, jua na upepo wa kaskazi vikishaukausha. Hapo ndipo mtu anapolitumbukiza jembe kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi analikuta limebana kama jipya. Lakini pete ya chuma haina nafasi ya kutoa. Nyuzi zilizovimba hazina pa kwenda, basi husagana zenyewe kwa zenyewe, na zikikauka tena hazirudi kwenye unene wa kwanza, huwa nyembamba kuliko zilivyokuwa kabla ya kulowekwa. Kesho yake utaloweka tena, na kila ukiloweka unazidi kuula mpini. Mwisho wake utaanza kupigilia misumari na vipande vya mpira wa ndara, na mpira nao hubonyea kila jembe linapopiga ardhi, kwa hiyo haukazi kitu bali huficha ulegevu.

Sasa mti wenyewe. Huko Ulaya na Marekani mipini hutengenezwa kwa miti ya kwao, kama vile hickory na ash, ambayo sisi hatuna haja ya kuitamani. Tunayo yetu, ila inahitaji kuchaguliwa. Mwarobaini uko kila kona na wadudu hawaupendi, lakini nyuzi zake hupindana, na ukiuchonga upande mmoja unakuwa laini, upande wa pili unachanika. Mkwaju ni mgumu kupita kiasi kwa jembe. Mpini wake utakuchosha bega kabla ya saa nne, ingawa kwa kabari na kwa nyundo ya mti sijaona mfano wake. Mkunazi ni mti imara sana, tatizo ni kupata kipande kilichonyooka cha urefu wa futi 4. Mimi nimetulia kwa mpera. Mti wake ni mgumu bila kuwa mzito mno, nyuzi zake zimeshikana, hunesa kidogo badala ya kukatika, na hauna gharama, kwa kuwa kila mwenye shamba hupogoa mipera yake. Uchague tawi lililonyooka, nene kuliko tundu la jembe kwa kidole kizima, na ulikate wakati wa kiangazi.

Tawi hilo lisitumike mwaka huo huo ikiwa unaweza kusubiri. Libambue maganda ili bungua wasipate pa kujificha, lipake rangi au nta kwenye ncha mbili ili maji yasitoke upesi kupitia huko na kulipasua, kisha lilaze kivulini chini ya makuti, pasipo jua, likiwa limeinuliwa kutoka ardhini. Likikauka utalijua kwa sauti: ukiligonga kwa kisu linalia, halinyamazi. Kwa kawaida mimi huweka matawi kadhaa kila kiangazi ili mwaka wa pili niwe na akiba.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wa kisiwani wanayo na sisi wa bara hatuna. Nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, zina dari za boriti za mikoko, na ni urefu wa boriti hizo uliofanya vyumba vya zamani viwe virefu lakini vyembamba. Nyumba ikifumuliwa dari ili ikarabatiwe, hutoka vipande vya boriti vilivyokaa kavu kwa miaka mingi. Kipande kilichopasuliwa kutoka humo, kama hakijaliwa na mchwa, hakitasinyaa tena. Kipime mkononi kwanza. Kikiwa chepesi kuliko macho yanavyotarajia, kimeshaliwa ndani. Kukata mkoko mbichi ni jambo jingine kabisa: ile ni misitu ya serikali na mtu hakati bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, hata kama anataka mpini mmoja.

Jambo ambalo mafundi wachache hulitilia maanani ni kupasua badala ya kukata kwa msumeno. Ukitoa mpini kwenye gogo nene, upasue kwa kabari. Ufa hufuata nyuzi, nao utakuonyesha waziwazi kama mti huo umenyooka kweli au umenyooka kwa nje tu. Msumeno hauulizi, hupita moja kwa moja, na ukikuta nyuzi zinakwenda mshazari, zitatokea ubavuni mwa mpini, na siku moja mpini utaachana hapo kwa mshazari ule ule, kwa ncha ndefu inayoweza kumchoma mtu tumboni. Mipini mingi ya dukani ina kasoro hiyo. Ukiwa dukani, usitazame ulaini wake. Fuata mistari ya nyuzi kwa kidole kutoka ncha hadi ncha, na ikitoka ubavuni kabla ya kufika mwisho, urudishe mpini huo ulipokuwa.

Kuhusu kutoa kisiki cha mpini uliovunjika, tafadhali msitie jembe motoni. Najua ndiyo njia rahisi na wahunzi wengine huifanya. Chuma cha jembe kimekazwa kwa moto na maji kiwandani, na ugumu huo huanza kupungua kikipita nyuzi joto 200 hivi, ilhali mti hauishi kuungua mpaka moto upite hapo mbali sana. Utapata tundu safi na jembe lisiloshika makali. Kata kisiki kwa msumeno usawa wa pete, toboa matundu kadhaa kwa keekee katikati yake, vunja kwa patasi, halafu kisukume kutoka upande mwembamba wa tundu kwenda upande mpana.

Nasema upande mwembamba na mpana kwa sababu tundu la jembe halina upana mmoja. La kwangu lina sentimita 5 upande mmoja na limepungua milimita chache upande wa pili. Pima lako kabla ya kuchonga chochote. Jembe la aina hii, sawa na sururu, mpini hupitishwa kuanzia ncha nyembamba, unaingilia upande mpana wa tundu, na kichwa chake kinene ndicho kinachokwama mwishoni, kwa hiyo kila unapopiga, jembe linajivuta kwenda kwenye unene na kujikaza lenyewe. Halihitaji msumari wala kabari. Shoka la dukani ni kinyume chake: mpini huingia kutoka chini, na kabari hupigiliwa juu ili kuutanua. Nimeona majembe mengi yametiwa mipini kwa namna ya shoka, na hayo ndiyo yanayochomoka na kuruka shambani.

Kabla ya kuchonga, ingiza kidole ndani ya pete na uzungushe mdomoni. Ukihisi ukali, chukua tupa ya duara uuondoe mpaka mdomo uwe mviringo. Kutu ya ndani nayo iondolewe kwa msasa. Kisha paka masizi ya sufuria ndani ya pete, ingiza mpini, ugonge kidogo na uutoe. Pale penye weusi ndipo panapogusa. Chonga hapo tu, kidogo kidogo, kwa tezo kwanza na baadaye kwa kisu au kipande cha kioo, urudie mpaka weusi uenee kuzunguka kichwa chote. Kazi hii haina haraka. Mpini unaogusa sehemu mbili tu ndani ya tundu utasaga sehemu hizo mbili na kulegea, hata ukiwa wa mti gani.

Ukishakaa, funga uzi kwenye ncha ya mpini, uupeleke mpaka pembe moja ya bapa, kisha pembe ya pili. Urefu ukitofautiana, jembe litakuwa linachimba kwa pembe moja na litakupinda mkono. Utoe mpini, uuchonge upande mmoja kidogo, ujaribu tena. Ulainishaji wa mwisho uwe wa msasa. Vanishi sishauri, maana huchubuka na kutoa malengelenge kiganjani. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanatosha, yapakwe mara kadhaa kwa siku tofauti yakiachwa yakauke. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa pembeni, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje mpaka kikauke au kitumbukize kwenye maji.

Nawasikiliza.

MpeketoniKwetu

Ahsante kwa uzi, ndugu. Naomba nipingane nawe katika suala la maji. Mimi hulima na vibarua, na asubuhi mtu akikuta jembe linacheza hana muda wa kupaka masizi na kupima kwa uzi. Ndoo ya maji inanipa siku nzima ya kazi. Isitoshe, jembe likiwa kwenye udongo mzito wakati wa mvua, mpini unalowa tu hata usipouloweka.

MkulimaHindi

Hoja ya vibarua naikubali, kwani siku ya kulima si siku ya kuchonga. Hata hivyo, kazi ya kuchonga hufanywa kabla ya msimu, na ndiyo sababu nimeleta uzi sasa. Kuhusu mvua, kuna tofauti kati ya mpini uliopakwa mafuta unaolowa kwa saa chache na kukauka jioni, na mpini usio na mafuta ambao kichwa chake kimezama kwenye ndoo usiku kucha. Maji huingia upesi zaidi kupitia ncha ya mti kuliko kupitia ubavu, na ndoo inanywesha ncha hiyo hiyo. Ukilazimika kuokoa siku, chomoa jembe, funika kichwa cha mpini kwa kitambaa chembamba cha pamba kikavu, uligonge lirudi, na ukishavuna utie mpini mwingine.

TezoNaRanda

Nimesoma kwa makini. Mimi natoka Matondoni, ambako kazi yetu ni vyombo vya baharini, na nashukuru kwamba umetaja nyuzi za mti kabla ya kutaja aina ya mti. Fundi anayetafuta mataruma, yaani mbavu za jahazi, hatafuti mbao iliyonyooka ili aipinde kwa msumeno. Hutafuta mti ambao umejipinda wenyewe porini kwa umbo analolitaka, kwa kuwa nyuzi zake zinakwenda na pindo. Mpini ni hivyo hivyo kwa upande wa pili: utafute uliojinyoosha wenyewe.

Naongeza jambo kuhusu mafuta. Mafuta ya kitani si rahisi kupatikana kila mahali huku, na bei yake si ya mkulima. Sisi hupaka mbao za chombo sifa, mafuta ya maini ya papa, na mpini uliopakwa sifa hauogopi maji. Harufu yake ndiyo kodi yake, utaizoea. Mafuta ya nazi nayasikia yakisifiwa, lakini hayakauki. Hubaki majimaji, huchafuka kwa vumbi, na mpini unateleza mkononi.

Kabari ya shoka isiwe ya mti laini. Chukua kipande cha mkwaju kilichokauka, ukichonge kiwe chembamba na kirefu, na mkato wa kukipokea ufike theluthi mbili hivi ya kina cha tundu. Kabari fupi na nene hupasua mpini badala ya kuutanua.

ShambaGanda

Habari zenu. Mimi niko Ganda, Malindi, na naona mvinje haukutajwa kabisa, ilhali huku kwetu na Gede ndiyo mti unaopandwa kwa ajili ya nguzo na unapatikana ukiwa umenyooka kama ulivyopigwa rula. Mipini yangu yote ni ya mvinje na nimeridhika.

MkulimaHindi

Ndugu wa Ganda, sikuutaja kwa sababu nilitaka uje uutetee wewe. Mvinje una nguvu, hilo halina ubishi, na kunyooka kwake ni kwa kweli. Ugomvi wangu nao ni mipasuko: ukikauka upesi hupasuka kwa urefu, na ufa ukishafika kwenye kichwa kinachoingia kwenye pete, hakuna masizi yatakayokusaidia. Wewe unaukausha vipi?

ShambaGanda

Natumia miche iliyopunguzwa shambani, minene kidogo kuliko mpini wenyewe, wala si nguzo kubwa. Naibambua siku ile ile, kisha naizika kwenye mchanga mbichi karibu na kisima kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo naiegemeza ukutani ndani ya banda mpaka iwe mikavu. Haikosi nyufa ndogo, lakini ni za juu juu, haziendi ndani. Nadhani kinachoipasua mingi ni kuachwa juani ikiwa bado na maji. Mpera naukubali, ila tawi la mpera lililonyooka futi 4 mimi sijabahatika kuliona. La kwangu likifika futi 3 limeshageuka kwenda kwa jirani.

MkulimaHindi

Hiyo ya kuuzika mchangani ina mantiki, maana inapunguza kasi ya kukauka. Nitaijaribu msimu huu kwa mivinje ya mpakani. Na kuhusu mpera, futi 3 zinatosha kijembe cha palizi, ambacho wengi wetu hutumia zaidi ya jembe kubwa simsim ikishaota. Kwa jembe la kulimia, mtu mfupi asilazimishwe futi 4. Simamisha mpini wima mbele yako. Ukifika kati ya kitovu na kifua unakutosha.

BiMchicha

Shikamooni wazee wangu. Nina bustani ndogo ya mboga Langoni na nimeachiwa na bibi sepetu la zamani na reki. Havina pete kama ya jembe. Vina mfereji wa chuma ambamo mpini huingia, na sepetu lina tundu dogo la msumari ubavuni. Je, maelezo haya yanahusu vifaa hivyo pia?

TezoNaRanda

Marahaba, binti. Mti na ukaushaji ni vile vile, tofauti iko kwenye ncha. Mfereji wa sepetu ni mpana mdomoni na mwembamba ndani, kwa hiyo chonga ncha ya mpini ilingane na umbo hilo, upake masizi kama alivyoeleza ami, na uhakikishe inagusa mpaka ndani kabisa. Fundi mvivu huchonga ncha fupi inayobana mdomoni tu, ndani kukabaki tupu, na mpini huvunjika hapo mdomoni siku ya kwanza unapoinua mchanga mbichi. Ukishakaa sawasawa, toboa mti kwa keekee kupitia lile tundu la ubavuni kabla ya kupiga msumari, usiupigilie kwa nguvu bila kutoboa, na ncha ya msumari ikitokea upande wa pili uikate na kuigonga iwe kichwa. Sepetu lina pindo karibu na shingo, basi kama mpini wako una pindo dogo la asili, uligeuze lifuate pindo la chuma.

Reki haitaki mpini mzito. Tafuta mti mwembamba, hata mwarobaini unafaa hapo, kwa sababu reki haipigi ardhi bali huvutwa.

BiMchicha

Nashukuru sana. Kisiki cha zamani bado kimo ndani ya mfereji wa sepetu na kimeoza. Nikitoeje bila moto?

TezoNaRanda

Liache sepetu juani kwanza mpaka kisiki kikauke na kusinyaa. Halafu chukua parafujo nene ya mbao, uizungushe katikati ya kisiki ikamate vizuri, uibane kichwa kwenye jiriwa, kisha ugonge sepetu kwenye mdomo wa mfereji kwa nyundo ya mti, ukizunguka pande zote. Kitatoka chote au kitatoka vipande. Ukiona unga wa kahawia umebaki ndani, ukwangue wote, kwa kuwa mti uliooza ukiachwa humo hubaki na unyevu na utaanza kuula mpini mpya kutoka ndani.

MpeketoniKwetu

Nami nimekata matawi mawili ya mpera leo jioni na kuyapaka rangi kwenye ncha. Ndoo bado siiondoi, mpaka yakauke.

MkulimaHindi

Hilo ni sawa kabisa, ndugu. Yaandike tarehe kwa penseli ili usiyasahau, na uyainue juu ya matofali, kwa sababu huko kwenu mchwa ni wengi kuliko kwetu.